Nahodha Akiondoka, Nani Hushika Usukani?

*Makala maalumu: sheria za elimu na idadi ya mabaharia katika maziwa yetu*

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio huko Bugolora, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, na alasiri ilipopinda, watu waliokwisha kuuza na kununua walipanda kivuko cha MV Nyerere ili warejee kwao Ukara. Kivuko kile kiliidhinishwa kuchukua abiria 101. Kilipokaribia gati ya Bwisya, hali wenyeji waliokuja kuwalaki jamaa zao wamekwisha kusimama ufuoni, kilipinduka mbele ya macho yao. Maiti waliotolewa majini walipita 220, na waliosalimika walikuwa 41.

Siku ya pili yake Rais John Magufuli wa Tanzania alilihutubia taifa, akasema kwamba habari zilizomfikia zilieleza kuwa nahodha hakuwamo chomboni, na kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiyesomea kazi hiyo.

Yalinenwa mengi siku zile za matanga. Habari ya msongamano wa abiria tumeizoea, na kila ajali inapotokea huwa ya kwanza kutajwa, aghalabu kwa haki. Lakini hili la usukani lilitajwa likapita, ilhali ndani yake mna suala ambalo msongamano peke yake hauwezi kulijibu: nahodha anapoondoka, kwa udhuru au bila udhuru, ni nani mwenye haki ya kushika mahali pake, na mwenye chombo analazimishwa na nini kuwa naye mtu huyo kabla kamba hazijafunguliwa?

Mkataba unaokomea pwani

Katika bahari kuu suala hili lilipatiwa jibu zamani. Mataifa yalikutana mwaka 1978 yakafanya mkataba uitwao STCW, ulioanza kutumika mwaka 1984 na kufanyiwa marekebisho makubwa mjini Manila mwaka 2010. Mkataba huo umetaja daraja za mabaharia, umri wao, muda wanaopaswa kuwa wamekaa baharini kabla ya kutahiniwa, na shahada wanazopewa. Tena ukaingia katika jambo ambalo waandishi wa sheria wa zamani walilidharau, nalo ni usingizi. Mtu wa zamu hana budi kupata mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba.

Lakini mkataba huo huo, katika kueleza ni meli gani ulizokusudia, umezitoa zile ambazo safari zake zote ni katika maji ya ndani ya nchi, au katika maji yaliyohifadhika na mawimbi na yaliyo jirani nayo. Umevitoa pia vyombo vya mbao vya muundo wa asili. Kwa hiyo meli ya abiria iendayo Bukoba kutoka Mwanza imo nje kwa sababu ya kwanza, na mashua inayobeba dagaa na wachuuzi kutoka visiwani imo nje kwa sababu zote mbili.

Siwalaumu walioandika hivyo. Walidhani, na huko kwao huenda ni kweli, kwamba maji ya ndani ni mto mwembamba wenye kingo mbili zinazoonekana na miji inayofuatana. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na meli inayolivuka hulala majini usiku kucha bila kuona nchi kavu. Ngurumo na dhoruba zake huzuka hasa usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile ambazo mtu wa usukani, kama hana wa kumpokea, macho yake yamekwisha kuwa mazito.

> Dhoruba za ziwa huzuka usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo macho ya mtu wa usukani yamekwisha kuwa mazito.

Sheria zipo, tena si moja

Asidhani msomaji kwamba maziwa hayana sheria. Pale mkataba wa dunia unapokomea, kila dola imeachiwa kujitungia yake, nazo zimetunga. Tanzania ina Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 2003, na Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ndilo lililokabidhiwa dhamana ya kukagua vyombo na kusimamia usalama wake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2009 na Mamlaka yake ya Bahari. Uganda, iliyokuwa imekaa miaka mingi na sheria chakavu, ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Majini ya Ndani mwaka 2021. Juu ya zote hizo, Bunge la Afrika Mashariki lilitunga Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, kwa nia ya kuwa chombo kitokacho Kisumu kisipimwe kwa kipimo kimoja na kile kitokacho Port Bell kwa kingine.

Wazee wa bandarini watakumbusha kwamba zamani hapakuwa na haja ya upatanisho huo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, ndilo lililokuwa na meli za Kisumu, za Port Bell na za Mwanza, na baharia wa ziwa alikuwa mtumishi wa mwajiri mmoja mwenye kanuni moja, hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli zikagawanywa na kila nchi ikabaki na zake.

Ugumu upo katika kuitekeleza sheria, na hasa kwa vyombo vidogo, ambavyo ndivyo vingi. Miezi miwili tu baada ya msiba wa Ukara, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya anasa iitwayo MV Templar ilizama upande wa Mukono, Uganda, ikaua watu zaidi ya 30. Haikuwa na leseni. Na huko Kongo, tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi ilipinduka katika Ziwa Kivu ikiwa imekaribia gati ya Kituku, mjini Goma, karibu kabisa na nchi kavu kama ilivyokuwa Bwisya.

Shahada ni ngao ya mwenye nayo

Watu wengi hudhani kwamba shahada ya nahodha ni ushahidi wa kuwa anajua kuendesha, basi. Ni hivyo, lakini ina kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi katika maziwa yetu.

Nahodha mwenye shahada ana mali yake mwenyewe ambayo mwajiri hakumpa na hawezi kumnyang'anya. Serikali peke yake ndiyo iwezayo kuiondoa, nayo huiondoa akifanya taksiri. Kwa hiyo mtu huyo anapoagizwa kuondoka na abiria mia mbili katika chombo cha mia moja, ana sababu ya kukataa ambayo hata mwajiri mkali huifahamu: akikubali, riziki yake ya maisha imo hatarini. Mtu aliyewekwa kwenye usukani kwa kuwa ni mpwa wa mwenye boti, au kwa kuwa amekaa muda mrefu akipakia mizigo mpaka akajifunza, hana cha kupoteza isipokuwa kibarua cha siku ile, na akikataa yupo mwingine ufuoni anayekingoja.

Tuutazame msiba wa MV Bukoba kwa jicho hilo. Meli ile, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza, ilikadiriwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443, na daraja la tatu, ambalo nauli yake ilikuwa nafuu, halikuwa na orodha kabisa. Hesabu ya waliokufa inayotajwa aghalabu ni zaidi ya 800. Kukosekana kwa orodha ile si jambo la elimu ya usukani hata kidogo. Ni jambo la mamlaka, la ni nani gatini mwenye neno la mwisho juu ya mlango, na ni wangapi chomboni waliopewa kazi ya kuwahesabu watu na kuwaelekeza. Mabaharia wachache hawawezi kuulinda mlango, kuitazama mitambo, na kushika usukani kwa wakati mmoja, hata wote wawe mabingwa.

> Mtu aliyewekwa kwenye usukani kwa kuwa ni mpwa wa mwenye boti hana cha kupoteza isipokuwa kibarua cha siku ile.

Hoja za wenye vyombo

Haitakuwa insafu kuwasema wenye vyombo bila kusikiliza hoja zao, kwa maana zipo zenye uzito.

Hoja ya kwanza ni umbali na gharama. Elimu ya juu ya ubaharia nchini Tanzania imeshikamana na Chuo cha Bahari, kilichopo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mwanza. Wakenya nao wanacho chuo chao cha bandari Mombasa, kwenye mwambao vile vile. Mtu wa Ukerewe, Kalangala au Mfangano anayetaka shahada aache kazi, asafiri, apange chumba, na asome vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari ya chumvi, yenye kupwa na kujaa na njia za meli kubwa, mambo ambayo ziwani hatayakuta.

Ya pili inaudhi zaidi, nayo ni kwamba anayerudi na shahada harudi kukaa. Akishaipata huweza kuajiriwa katika meli za bahari kuu kwa mshahara ambao kivuko cha visiwani hakiwezi kuufikia, hata mwenye chombo akaona kwamba fedha alizotoa kumsomesha zimemnufaisha mwingine. Wengine hujihami kwa hila inayojulikana: huajiri mwenye shahada mmoja, jina lake likaandikwa katika karatasi za ukaguzi, na kazi ya kila siku ikafanywa na wengine.

Hoja ya tatu ni ya mabaharia wenyewe walio wazee. Hao wamelijua ziwa tangu utoto. Wanajua mwamba uliofichika, upepo utakaogeuka, na mahali ambapo magugumaji hukusanyika msimu hata msimu. Kuambiwa leo kwamba ujuzi huo ni bure kwa kuwa hauna muhuri, na kijana aliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza mwaka jana awekwe juu yao, wanaona ni dharau. Mimi naona wana haki katika hilo, ingawa sioni kwamba haki yao inafuta haja ya kutahiniwa. Maana yule ajuaye mwamba huenda hajui hesabu ya uzito wa mizigo inavyokiyumbisha chombo abiria wote wanapokimbilia ubavu mmoja.

Wanaohesabu saa

Kati ya maji ya ndani yote duniani, mto Rhine ndio wenye sheria za mabaharia zilizokomaa kuliko zote. Kamisheni Kuu ya Usafiri wa Rhine, ambayo makao yake ni Strasbourg, asili yake ni Mkutano wa Vienna wa mwaka 1815, na mkataba unaoiongoza hata sasa ulitiwa saini Mannheim mwaka 1868. Rhine ni mto, na haufanani na Ziwa Victoria, wala sitaki mtu adhani kwamba napendekeza tunakili kanuni za Wazungu neno kwa neno. Lakini wana wazo moja ambalo nimelirudia mara kadhaa nikiandika haya, kwa urahisi wake.

Swali la kwanza huko ni chombo kitakwenda kwa saa ngapi. Idadi ya mabaharia hutoka katika jibu lake. Mwenye chombo huchagua mojawapo ya namna tatu: A1, ambayo chombo hakiendi zaidi ya saa 14 kwa siku, A2, ambayo mwisho wake ni saa 18, na B, ambayo huenda usiku na mchana. Akishachagua, jedwali humwambia ni mabaharia wangapi na wa vyeo gani, kwa kuangalia urefu wa chombo na vifaa vilivyomo. Vyombo vya abiria vina majedwali yao, na hesabu hupanda kadiri abiria walioruhusiwa wanavyozidi. Atakaye saa nyingi alete watu wengi. Katika A1, kwa kawaida, chombo husimama kuanzia saa nne za usiku hata saa kumi na mbili za asubuhi, na kila baharia hupata saa nane za kupumzika bila kukatizwa. Katika B, kila mtu hupewa saa 24 za mapumziko katika kila saa 48, na ndani yake lazima viwemo angalau vipindi viwili vya saa sita mfululizo.

Saa hizo huandikwa katika daftari la chombo, na askari wa mtoni akipanda hulidai daftari hilo pamoja na shahada ya nahodha.

Kwa utaratibu huu ile hila ya jina moja katika karatasi inakuwa ngumu mno. Chombo kinachokwenda tangu alfajiri hata usiku wa manane, kikaonyesha nahodha mmoja tu, kimejishitaki chenyewe, hata kama shahada ya nahodha huyo ni ya daraja la juu kabisa. Ziwani kwetu mazungumzo huishia kwenye shahada: ipo au haipo, ya kweli au ya kughushi. Kivuko chenye safari za kutwa, siku saba za juma, mwaka mzima, hakiwezi kuendeshwa na mtu mmoja aliye hai. Ataugua, atafiwa, atachoka, na siku hiyo usukani utashikwa na yeyote aliye karibu. Nionavyo mimi hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, wala hapatibiwi kwa kuongeza ukali wa mitihani.

Daftari la utumishi

Rhine ina jambo jingine linalogusa hoja ya wazee wetu. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2397 la mwaka 2017, lililoanza kutumika tarehe 18 Januari 2022, limeunganisha sifa za mabaharia wa mito na mifereji ya nchi wanachama, likaweka ngazi tatu: ya waanzao, ambapo kijana wa miaka 16 huweza kuandikwa baharia wa sitaha, ya watendaji, wakiwemo mabaharia waliofuzu na washika usukani, na ya nahodha. Nahodha anayetaka kwenda kwa rada hutafuta idhini ya pekee, na katika meli za abiria hutakiwa awepo mtu aliyefundishwa hasa namna ya kuwalinda abiria wakati wa hatari. Laiti angalikuwepo mtu wa namna hiyo, mmoja tu, katika kila kivuko cha visiwani!

Kila baharia huko ana daftari lake la utumishi, ambamo safari zake huandikwa na kuthibitishwa, na siku 180 za safari huhesabiwa mwaka mmoja wa kazi. Ujuzi wa majini umekuwa hesabu inayoweza kusomwa, na mtu hupanda ngazi akiwa kazini pale pale kwao, akaongeza mafunzo na mtihani. Kwa waliokuwa na shahada za zamani, agizo halikuwatupa: limeziacha ziendelee kutumika hata tarehe 17 Januari 2032.

Hili ndilo ningependa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitazame kabla ya jingine lolote. Daftari la utumishi gharama yake ni ndogo, halihitaji majengo, na mzee wa Ukara aliyevusha watu kwa miaka thelathini angeanza kuandikiwa leo, kisha mtahini akamfuata hapo hapo ufuoni akamuuliza kwa Kiswahili juu ya uzito, moto, na kamba za kuokolea. Shahada yake iseme wazi kwamba ni ya ziwa hili na ya chombo cha ukubwa huu, isimpe ruhusa ya bahari. Hivyo na mwenye chombo hataogopa kumgharimia, kwa sababu haitakuwa tikiti ya kumpeleka Dubai.

Wapo watakaosema kwamba Rhine ni tajiri, nasi maskini, na kwamba hata huko wanalia kuwa mabaharia hawatoshi. Ni kweli yote mawili. Vijana wa Ulaya hawavutiwi sana na maisha ya majini, na wenye meli wa huko hulalamika kwamba majedwali yanawafunga mikono. Kwetu vijana wapo tele, na kazi wanaitafuta.

Nauli

Linabaki la fedha, ambalo halikwepeki. Kivuko kinachohitaji manahodha wawili na mafundi mitambo wawili, ambapo zamani kilikwenda na mmoja mmoja, kina mishahara miwili ya kuongeza, na visiwani hakuna njia nyingine ya kufika hospitali wala sokoni. Nauli ikipanda, mchuuzi atarudi katika mtumbwi usio na nahodha wala boya, na sheria itakuwa imemhamisha kutoka hatari moja hadi hatari kubwa zaidi. Ndiyo sababu nasema sheria ya idadi ianze katika vivuko vya serikali, ambavyo nauli yake haikuwa ya kibiashara tangu hapo, na mishahara ya zamu ya pili iingizwe katika bajeti kama dizeli inavyoingizwa, bila kusubiri mapato ya gatini.

Meli kubwa zitajilipia zenyewe. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurudishwa katika njia ya Bukoba mwaka 2020 baada ya matengenezo, na MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, iliyoshushwa majini Februari 2023, hizo zitakuwa na maofisa wa zamu, na magazeti yatazipiga picha. Vivuko na mashua za visiwani hazipigwi picha. Kwa hizo pangetosha kwanza kibao kimoja kilichopigiliwa gatini, penye kibanda cha tiketi, chenye majina mawili: la nahodha wa leo, na la atakayempokea, na mkaguzi awe na mamlaka ya kuizuia safari iwapo jina la pili halipo.